Ukoo Wenye Mtoto Mmoja

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya nondo. Fundi wa ujenzi asisogeze kiti akitegemea kwamba nitataja bei ya chuma. Nondo ninayemsema ni mdudu, ndugu yake kipepeo, yule anayeruka usiku na kuizunguka taa ya barazani mpaka mama mwenye nyumba anamfukuza kwa ncha ya kanga. Mjini tunamjua kwa ubaya tu, kwa kuwa wapo wa jamii yake ambao viwavi wao hutoboa nguo za sufu sandukuni, na wengine huharibu mahindi ghalani. Lakini katika jamii hiyo kubwa yumo mmoja ambaye habari zake zimewashughulisha wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka 150. Nami naona kwamba habari hizo zinatuhusu sisi tunaokaa huku Kipalapala, kando ya mji wa Tabora, na zinawahusu hata ninyi mnaonisikiliza mkiwa katika miji mikubwa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wataalamu wa viumbe hupanga wanyama, wadudu na mimea kama sisi tunavyopanga watu kwa koo na nyumba. Kila aina ya kiumbe huitwa spishi. Spishi zilizo ndugu wa karibu huwekwa pamoja katika kundi linaloitwa jenasi. Kwa urahisi wa mazungumzo yetu, jenasi nitaiita ukoo, na spishi nitaiita mtoto. Simba na chui, kwa mfano, ni watoto wa ukoo mmoja. Ziko koo zenye watoto mamia. Lakini ziko pia koo zenye mtoto mmoja tu.

Mfano wa karibu ni sisi wenyewe. Katika ukoo wetu walikuwamo ndugu wengine zamani, na wote wamekwisha; leo hii binadamu amebaki peke yake. Mfano mwingine ni muhanga, yule mnyama wa masikio marefu anayebomoa vichuguu usiku katika mapori yetu kutafuta mchwa. Muhanga hana ndugu hai katika ukoo wake, na hata ukipanda ngazi mbili juu ya ukoo bado hukuti mwingine isipokuwa yeye. Kiumbe wa namna hiyo akitoweka, hatoweki peke yake. Mlango wa nyumba nzima unafungwa, na hakuna ndugu wa kuifungua tena.

Sasa turudi kwa nondo wetu. Ukoo wake unaitwa kwa jina la kitaalamu Xanthopan. Ni nondo mkubwa, mwenye rangi ya majani makavu, anayepiga mabawa kwa kasi hata anaweza kusimama hewani mbele ya ua bila kulikanyaga. Anapatikana katika sehemu nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, na pia katika kisiwa cha Madagaska. Huku bara viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mtopetope na mstafeli, miti ambayo wengi wetu tumeila matunda yake tukiwa watoto bila kujua kuwa tunashirikiana mti na mkubwa huyo.

Habari yenyewe inaanzia kwenye ua. Katika misitu ya mashariki ya Madagaska kuna okidi nyeupe yenye umbo la nyota, inayoota juu ya miti na kutoa harufu nzuri usiku. Nyuma ya ua hilo unaning'inia mrija mwembamba wa kijani, mrefu kama rula ya mwanafunzi, yaani sentimita 30 hivi. Maji matamu ambayo wadudu huyafuata yamo chini kabisa, katika ncha ya mrija huo. Mwezi Januari mwaka 1862 bwana mmoja wa Uingereza, James Bateman, alimpelekea mtaalamu Charles Darwin maua hayo. Darwin alipima mrija, akakuta sentimita 29, na utamu uko katika sentimita 4 hivi za mwisho. Akajiuliza: ni mdudu gani anayeweza kunywa humo?

Wahenga wetu wangemjibu upesi: dalili ya mvua ni mawingu. Darwin naye alifikiri hivyo hivyo. Ua haliweki chakula pasipofikika bila sababu. Kama chakula kipo chini ya mrija wa sentimita 29, basi lazima yuko mgeni mwenye mrija wa kinywa unaokaribia urefu huo. Na kwa kuwa ua ni jeupe na hunukia usiku, mgeni huyo ni nondo. Mwaka huo huo wa 1862 aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya okidi. Hakuwa amefika katika misitu ile, wala hakuna aliyekuwa amemwona nondo wa namna hiyo Madagaska. Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Nondo mwenye mdomo unaoshinda mwili wake mara kadhaa! Nani alipata kusikia?

Mwaka 1867 mtaalamu mwingine, Alfred Russel Wallace, alisimama upande wa Darwin. Aliwaambia wasafiri waendao Madagaska wamtafute nondo huyo kwa imani ile ile ambayo wanajimu waliitafuta nayo sayari ya Neptune, ambayo ilikuwa imekokotolewa kwa hesabu kabla ya kuonekana mwaka 1846. Wallace pia alikwenda katika jumba la makumbusho mjini London, akapima midomo ya nondo waliohifadhiwa humo. Mmoja aliyetoka Afrika alikuwa na mrija wa inchi saba na nusu, yaani sentimita 19. Nondo huyo wa Afrika alikuwa amepewa jina tangu mwaka 1856, kutokana na aliyepatikana Sierra Leone. Maana yake ni kwamba wakati watu wanamcheka Darwin, ndugu yake yule nondo anayetafutwa alikuwa tayari amelala katika droo ya mji huo huo, amechomwa pini, na kikaratasi cha jina kiko chini yake.

Darwin alifariki mwaka 1882 bila kumwona nondo wake. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walitoa kitabu kikubwa cha nondo wa jamii hii. Humo waliandika jina la ukoo, Xanthopan, na humo humo wakamtangaza nondo wa Madagaska. Walimpa jina la Kilatini praedicta, maana yake aliyetabiriwa. Ilikuwa imepita miaka 41 tangu utabiri.

Lakini, ndugu msikilizaji, hapa ndipo nilipotaka tufike. Nondo wa Madagaska alipewa jina zuri, ila hakupewa nafasi yake. Alihesabiwa kuwa ni tawi tu la yule wa bara. Vitabuni ukoo wa Xanthopan ukaandikwa kuwa una mtoto mmoja, na yule wa kisiwani akawa kama mtu anayetajwa katika mkutano kwa maneno "na wengineo". Hali ikabaki hivyo kwa miaka 118.

Katika miaka ya 1990 watafiti walipata hatimaye ushahidi wa macho kwamba nondo huyo ndiye anayebeba chavua ya okidi ile. Kisha mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa na Uingereza, wakiongozwa na Joël Minet wa Paris, walikaa na nondo wa bara na wa kisiwani, wakawalinganisha kiungo kwa kiungo, wakapima midomo yao, wakachunguza na vinasaba vyao. Walikuta tofauti kubwa. Mmoja wa kisiwani, mrija wake ulipokunjuliwa wote, ulifika sentimita 28.5, karibu kabisa na urefu wa ua alilopima Darwin. Ikatangazwa kwamba nondo wa Madagaska ni spishi kamili. Ukoo uliokuwa na mtoto mmoja ukawa na wawili, na mtoto wa pili alikuwa amekaa sebuleni muda wote huo.

Je, haya yana faida gani kwetu? Mtu atasema, mdudu ni mdudu, awe wa kwanza au wa pili. Mimi sikubaliani naye, na nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni hii. Hesabu ndiyo inayoleta ulinzi. Serikali, mashirika na wafadhili hutazama orodha: spishi gani ipo wapi, imebaki kiasi gani. Nondo wa Madagaska alipohesabiwa pamoja na yule wa bara, mtu angeweza kusema hana shida, kwani yupo kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu. Alipotengwa, ikadhihirika kwamba makao yake ni kisiwa kimoja tu, na misitu ya kisiwa hicho inaendelea kufyekwa kwa mashamba ya mpunga wa milimani na kwa mkaa. Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwenye urithi na kwenye karamu, lakini inafaa hata msituni.

Wala tusidhani kwamba mambo ya namna hii hutokea ng'ambo tu. Hapa Tanzania, mwaka 2003, watafiti walisikia kwa Wanyakyusa wa miteremko ya mlima Rungwe habari za mnyama wa jamii ya kima wanayemwita kipunji. Wasomi hawakuwa wanamjua. Wakamfuatilia mpaka wakamwona. Na mwaka 2004 mtafiti mwingine akamkuta katika milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu, akawekwa katika ukoo wa kima wengine wa Afrika waliofanana naye. Kisha kipunji mmoja akanaswa na kufa katika mtego wa mkulima shambani kwenye mahindi. Mwili wake ulipochunguzwa, ikaonekana kwamba hastahili kukaa katika ukoo ule. Kwa vinasaba alikuwa karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akajengewa ukoo wake mwenyewe, Rungwecebus, na humo yumo peke yake. Walipohesabiwa baadaye, ikaonekana wamebaki elfu moja na mia moja hivi.

Ukoo mzima, ndugu zangu, watu wake hawajazi hata uwanja mdogo wa mpira. Na wote ni raia wa Tanzania. Wazee wa Rungwe walimjua, walimpa jina, lakini kwa kuwa jina hilo halikuwa limeingia katika orodha yoyote, kipunji alikuwa hayupo.

Sababu yangu ya pili inahusu tumbo. Mgeni njoo mwenyeji apone: ile okidi ya Madagaska humtegemea nondo huyo ili izae mbegu. Ukimwondoa mgeni, ua litaendelea kuchanua na kunukia kila mwaka, watu watalisifu uzuri wake, lakini litakuwa linachanua bure. Sasa twende sokoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko Kenya ulionyesha kwamba mpapai hutegemea sana nondo wa jamii hii hii warukao kwa kasi kubeba chavua kutoka mti dume kwenda mti jike. Nondo hao walifika zaidi katika mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili. Kwa hiyo papai unalonunua asubuhi kwa muuza matunda huenda lilipata mimba yake usiku, kwa kazi ya mdudu aliyekulia katika kichaka ambacho mtu mwingine anakiona ni pori lisilo na faida.

Na huku kwetu Unyamwezi je? Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na waliporudi walibeba vitambaa na shanga. Pamoja na mizigo hiyo walibeba pia masanduku ya wataalamu wa Ulaya, yenye ndege waliokaushwa, wadudu na majani. Mjerumani mmoja, Richard Böhm, alikaa Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880 akikusanya viumbe, na alifariki mwaka 1884 akiwa safarini Kongo. Leo jina lake limo katika jina la kitaalamu la ndege mmoja mla nyuki na la punda milia wetu. Hata mti wa myombo, ambao umeipa misitu yetu jina la miombo, unaitwa kitaalamu Brachystegia boehmii. Myombo wenyewe uko hapa, unatupa asali na kivuli na fito. Jina lake la kisomi liko Berlin. Wapagazi walioyabeba masanduku hayo hawakupewa hata mjusi mmoja wa kuitwa kwa majina yao.

Sisemi hayo kwa kulalamika. Böhm alifanya kazi, na anayefanya kazi huacha jina. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuhesabu ilianza zamani katika njia hii, lakini sisi wenyeji wa njia hatujaishika vya kutosha. Na wakati hatujaishika, msitu unapungua.

Tumbaku tunaijua sote. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, na Urambo ikawa mojawapo ya sehemu zake. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na baada yake tumbaku ikashika ardhi hiyo. Imesomesha watoto wengi na kuezeka mabati nyumba nyingi, tusiikosee adabu. Lakini jani la tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani kwa moto wa kuni, usiku na mchana, na kuni hizo ni miombo. Ongeza hapo mkaa. Gunia linaloshushwa kwenye lori mjini lilikuwa mti mahali fulani. Aliye mjini anapopuliza jiko asubuhi, anashiriki katika uamuzi wa kuukata, ijapokuwa hakushika shoka.

Siwezi kumwambia mkulima aache tumbaku leo, wala mama lishe azime jiko. Mtu hamwambii mwenzake afe njaa kwa ajili ya mdudu. Lakini yako mambo yanayowezekana. Mkulima anaweza kuacha ukanda wa miti ya asili kando ya mito na juu ya vilima, akapanda miti ya kuni kwa ajili ya bani lake, na kujenga bani linalokula kuni chache. Mwenye bustani ya mipapai anaweza kukiacha kichaka kilicho mpakani badala ya kukichoma kila mwaka. Halmashauri inaweza kuuliza, kabla ya kugawa pori, ni nani wengine wanaokaa humo.

Tena liko jambo ambalo halina gharama kubwa, na walimu wa sekondari wanisikie vizuri. Ili kuwajua nondo wa mahali, unahitaji shuka jeupe, taa, daftari na uvumilivu. Tandika shuka kwenye kamba usiku usio na mbalamwezi, mvua za kwanza zikishakunyesha, washa taa nyuma yake, na usubiri. Watakuja wenyewe. Wanafunzi wawahesabu, wawachore, waandike tarehe na mahali, na waulize wazee majina ya Kinyamwezi ya wale wanaojulikana. Shule ikifanya hivyo miaka kumi mfululizo, itakuwa na daftari ambalo hata chuo kikuu kitaliomba. Huku Kipalapala tuna historia ya kuchapa vitabu na ya vijana kutoka pande zote za nchi kuja kusoma. Mahali palipozoea kalamu pasishindwe na daftari la nondo.

Darwin alikuwa na ua moja tu mkononi, akajua kwamba mbali ng'ambo ya bahari yuko mgeni wake. Sisi tuna msitu mzima mbele ya macho yetu. Ndani yake huenda kuna watoto ambao bado wanahesabiwa kwa "na wengineo". Tukiukata kabla ya kuwahesabu, hatutajua hata kwamba kulikuwa na msiba.